Siasa ndiyo iliyomharibu Dkt. Benjamin Rush? Karibuni tujadili

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma maisha ya Benjamin Rush, tabibu wa Philadelphia aliyejitosa katika siasa za kupigania uhuru wa Marekani, na ninaleta hoja ambayo najua baadhi yenu mtaipinga: siasa ndiyo iliyomharibu tabibu huyu.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa Byberry, karibu na Philadelphia, mwanzoni mwa Januari 1746. Baba yake alifariki mwaka 1751, na mama yake, Susanna, akafungua duka mjini ili awalee wanawe. Kijana alijaliwa akili nyingi. Alihitimu chuo ambacho leo kinaitwa Princeton akiwa na umri wa miaka 14, akawa mwanagenzi wa Dkt. John Redman kwa miaka kadhaa, kisha akavuka bahari kwenda Edinburgh, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1768. Tasnifu yake ilihusu namna tumbo linavyosaga chakula, na ili kuiandika alikula vyakula mbalimbali kisha akajitapisha mwenyewe aone vimebadilika vipi. Aliporudi nyumbani mwaka 1769 akawa profesa wa kwanza wa kemia katika makoloni yale. Mwaka 1773 alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Baadaye alimchagulia Thomas Paine jina la kijitabu chake mashuhuri cha kudai uhuru, na Julai 1776 akawa miongoni mwa wajumbe waliopiga kura ya kujitenga na Uingereza.

Mtu huyo huyo, homa ya manjano ilipoishika Philadelphia mwaka 1793, aliwatoa wagonjwa damu na kuwaharisha kwa dawa ya zebaki kwa kiasi kilichowatisha hata matabibu wenzake, na kadiri walivyompinga ndivyo alivyozidisha. Naamini miaka ya mabishano ya kisiasa ilimzoesha kumwona kila anayempinga kuwa ni adui wa ukweli. Mnasemaje?

#2 Wakili wa Zamani

Ahsante kwa uzi, ndugu. Naanza na sahihisho. Rush hakupiga kura ile. Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai na maandishi ya Tamko la Uhuru yakapitishwa tarehe 4, ilhali Pennsylvania ilimchagua Rush kuwa mjumbe tarehe 20 Julai. Alichofanya ni kutia saini tarehe 2 Agosti, pamoja na baba mkwe wake, Richard Stockton wa New Jersey, kwa kuwa alikuwa amemwoa Julia Stockton Januari ya mwaka ule ule. Wala hakuwa tabibu pekee kati ya wale 56. Walikuwemo Josiah Bartlett na Matthew Thornton wa New Hampshire, na Lyman Hall wa Georgia, ambao wote waliwahi kutibu watu kabla ya kuingia katika mambo ya dola.

Hoja yenyewe siikubali, kwa sababu ukaidi wake ulianzia ndani ya utabibu. Mwaka 1777 aliteuliwa kusimamia tiba katika sehemu moja ya jeshi la uhuru, akakuta hospitali ambamo wanajeshi walirundikwa pamoja, hawana blanketi wala chakula cha maana, na homa za kambini zikiua wengi kuliko risasi. Alimshitaki waziwazi mkurugenzi wa hospitali za jeshi, Dkt. William Shippen. Katika jambo hilo mimi namuunga mkono kabisa. Lakini tarehe 12 Januari 1778 alimwandikia Patrick Henry, gavana wa Virginia, barua isiyo na jina, akidai kwamba jeshi linahitaji jemadari mwingine badala ya George Washington. Henry aliipeleka kwa Washington mwenyewe, naye akautambua mwandiko. Kabla mwezi haujaisha Rush alikuwa amejiuzulu. Hizo ni tabia alizokuja nazo, na siasa ilizipa uwanja tu.

#3 Tabibu Mstaafu

Wanangu, nawasalimu. Nyote wawili mnatafuta sababu katika hulka ya mtu kabla hamjaangalia alichofundishwa.

Mwalimu wake wa Edinburgh, William Cullen, alifundisha kwamba homa inatokana na mkazo wa mishipa midogo. Rush alilibeba wazo hilo akalifikisha mbali zaidi, hata akashika imani kwamba duniani kuna ugonjwa mmoja tu, nao ni msukosuko uliozidi ndani ya mishipa ya damu. Ukishakubali hilo, dawa nayo inakuwa moja: punguza nguvu ya damu. Ndiyo maana aliwapa wagonjwa unga wa kalomeli, ambayo ina zebaki, uliochanganywa na mzizi wa jalapa ili waharishe, halafu akawafungua mshipa wa mkono. Yeye mwenyewe aliandika kwamba wagonjwa wengi aliwatoa aunsi 70 hadi 80 kwa muda wa siku tano, na wachache akawatoa zaidi ya hapo. Aunsi 80 ni zaidi ya lita mbili, na mtu mzima ana takriban lita tano. Jambo la kusikitisha ni kwamba Rush aliamini mwili una damu nyingi kuliko iliyomo, akafundisha kwamba hata sehemu nne kati ya tano zinaweza kutolewa salama.

Sasa tazameni ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano huwashika wengi kwa siku tatu au nne, kisha wengi wao hupata nafuu wenyewe. Sehemu ndogo tu huingia awamu ya pili, ile ya macho ya njano na matapishi meusi, na karibu nusu ya hao hufa. Tabibu anayewaona wagonjwa wake siku ya kwanza atashuhudia wengi wakiinuka hata akiwafanyia jambo lenye madhara. Mimi nilikuwa kazini mwaka 2001 Tanzania ilipoacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na nilifanya kazi na wenzangu, watu waadilifu kabisa, walioendelea kuitetea kwa muda mrefu kwa sababu kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake waliopona. Bila kuhesabu waliotibiwa na wasiotibiwa, macho ya tabibu humdanganya. Hesabu za namna hiyo juu ya kutoa damu zilikuja na Pierre Louis wa Paris katika miaka ya 1830, na wakati huo Rush alikuwa kaburini miaka mingi.

#4 Mwanakombo

Shikamoo Tabibu. Naomba niongeze jambo kutoka upande wetu wa Unguja ili wasomaji wasichanganye mambo. Marehemu bibi yangu alikuwa akipigwa chuku, na hadi leo wapo wanaofanya hijama. Pale ngozi hukwaruzwa juu juu na damu inayotoka hujaa kikombe kidogo, tena kwa siku zilizochaguliwa na kwa mtu ambaye hana homa kali. Rush alifungua mshipa mkubwa wa mkono kwa kisu, akaacha damu itiririke ndani ya bakuli hadi mgonjwa alegee, kisha akarudia kesho yake, pengine siku ile ile. Aliyewahi kuona chuku akidhani anamwelewa Rush, hajamwelewa bado.

#5 Msomaji wa Usiku

Namjibu Tabibu Mstaafu katika #3. Maelezo yako ni mazuri, lakini yanamsamehe kwa kisingizio cha zama zake, na zama zake hazimtetei kwa sababu wenzake wa mji ule ule, katika miezi ile ile, walitibu vingine. Dkt. Edward Stevens, aliyekulia kisiwa cha St. Croix na kuujua ugonjwa huu, aliwapa wagonjwa gome la mkwinini, divai na maji baridi. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, na mkewe walitibiwa naye wakapona. Katika hospitali ya dharura ya Bush Hill, ambayo tajiri Stephen Girard alijitolea kuisimamia kwa mikono yake, Mfaransa Jean Devèze aliwatunza watu kwa upole, akiwapa vinywaji na kupumzisha miili yao. Rush aliyaona hayo yote. Kwa nini hakusita hata kidogo?

#6 Kijana wa Maktaba

Mleta uzi, umejijibu mwenyewe bila kutambua! Hamilton hakuishia kupona. Tarehe 11 Septemba aliandika barua ya wazi kuyasifu matibabu ya Stevens, ikachapishwa magazetini. Hamilton alikuwa kinara wa Wafederalisti, chama kilichotaka serikali kuu yenye nguvu, na Rush alikuwa upande wa wapinzani wao, akina Thomas Jefferson. Tangu siku ile gome la mkwinini likawa dawa ya chama kimoja na kisu kikawa cha chama kingine, na Rush aliandika kwamba dawa zake zingepokelewa vizuri zaidi kama zisingetoka kwa mtu wa siasa zake. Kwa hiyo nakubaliana na #1, ila ningesema siasa ya mji mzima iliwaharibu matabibu wote, siyo Rush peke yake. Wakili wa Zamani aliyetusomea tarehe zote za Julai naomba alijibu hili, maana tarehe hii ya Septemba ameiruka.

#7 Wakili wa Zamani

Sikuiruka, kijana, nilikuwa sijaifikia. Barua ya Hamilton ni ya Septemba 11, na Rush alikuwa ameshaanza kutoa damu na kuharisha kwa nguvu mapema mwezi ule, akiongozwa na maandishi ya zamani ya Dkt. John Mitchell kuhusu homa ya Virginia, ambayo alipewa na Benjamin Franklin. Maandishi yale yalimwambia tabibu asiogope udhaifu wa mgonjwa. Kabla ya hapo, mwezi Agosti, Rush mwenyewe alijaribu gome, divai, na hata kuwafunga wagonjwa blanketi zilizochovywa katika siki, akawaona wakifa. Alibadilisha matibabu mara moja, kwa uchungu, na baada ya hapo hakubadilisha tena.

#8 Nesi wa Ughaibuni

Hamjambo wote. Ninaishi Philadelphia na ninafanya kazi ya uuguzi, na mara nyingi hupita Christ Church Burial Ground, alikozikwa Rush, si mbali na kaburi la Franklin. Ninachokikosa katika uzi huu ni watu weusi wa mji huu, ambao bila wao habari ya 1793 haisimuliki.

Tarehe 19 Agosti Rush alitamka kwamba homa iliyoko karibu na bandari ni homa ya manjano. Siku tatu baadaye, tarehe 22, alihudhuria karamu ya kuezeka paa la kanisa la Waafrika ambalo alikuwa amelichangishia fedha. Meza zilitandikwa chini ya miti nje ya mji. Kwanza wazungu waliketi na watu weusi wakawahudumia, kisha watu weusi wakaketi na wazungu wakasimama kuwahudumia. Rush alimsimulia mkewe karamu hiyo katika barua, kwa furaha ya kweli.

Wiki chache baadaye aliwaomba viongozi wa jumuiya hiyo, Absalom Jones na Richard Allen, watu wao wauguze wagonjwa na kuzika wafu, akiwaambia kwamba Mungu amewajalia watu weusi wasishikwe na homa hii. Aliyatoa maneno hayo katika ripoti ya Dkt. John Lining kuhusu homa ya Charleston ya miaka ya 1740. Walikubali, na wakaingia katika nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wamezikimbia. Nao wakafa. Jones na Allen waliandika kwamba mwaka 1792 walizikwa watu weusi 67 mjini, na mwaka 1793 wakazikwa 305. Halafu mchapishaji Mathew Carey akawatuhumu baadhi yao kwamba walitoza fedha nyingi na kuiba, ndipo Jones na Allen wakachapisha utetezi wao mwaka 1794, wakionyesha kwa hesabu kwamba kazi ile iliwaachia hasara ya pauni 177 na ushei.

Mimi nikiwa muuguzi mweusi mhamiaji katika mji huu huu, nimewahi kupangiwa zamu ambazo wengine walizikataa kwa maelezo kwamba sisi "tumezoea magonjwa". Kwa hiyo habari hii naisoma kwa moyo mzito.

#9 Kisima cha Hoja

Dada Nesi umegusa penyewe. Kwangu mimi swali la siasa na la mafunzo ya Edinburgh yote mawili ni madogo. Rush alikuwa mtu wa nadharia, na nadharia zake kuhusu watu weusi zinaonyesha ugonjwa ule ule. Aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1799 akidai kwamba weusi wa ngozi umetokana na ukoma, akitoa mfano wa Henry Moss, mtu mweusi ambaye ngozi yake ilikuwa ikigeuka nyeupe. Na huyu mpinga utumwa wa 1773 alikuwa na mtumwa wake, William Grubber. Alitia saini hati ya kumwachia huru mwaka 1788, lakini hati hiyo ilianza kufanya kazi mwaka 1794. Tafakarini miaka hiyo. Mwaka 1793, alipokuwa akiwaita watu weusi kuokoa mji, ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mtu asiye huru.

#10 Wakili wa Zamani

Yote uliyosema, Kisima, yamo katika kumbukumbu. Lakini mwadilifu aweke na upande wa pili wa mizani. James Derham alizaliwa mtumwa, akajifunza tiba kwa matabibu waliokuwa mabwana zake, akajinunua mwaka 1783 na kuwatibu watu New Orleans. Alipokuja Philadelphia mwaka 1788, Rush alizungumza naye kuhusu magonjwa, akaandika hadharani kwamba alitarajia kumfundisha dawa mpya na badala yake yeye ndiye aliyefundishwa. Katika Marekani ya mwaka ule, profesa mzungu kuandika hivyo lilikuwa jambo zito. Hata makala ya ukoma, kwa kadiri ilivyo mbaya, aliiandika akitaka kuwathibitishia wazungu kwamba watu weusi ni ndugu zao wa asili moja. Tangu 1803 hadi kifo chake aliongoza chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa.

#11 Kisima cha Hoja

Mzee Wakili, nia njema haimpunguzii aliyeambiwa kwamba rangi yake ni maradhi.

#12 Mwinjilisti

Bwana asifiwe, na wasio wa imani yangu nawasalimu kwa heshima. Naona mnatafuta sababu kila mahali isipokuwa katika moyo wa mtu huyu. Wakati ule mji ulikuwa na watu takriban 50,000; wengi walikimbia, Rais Washington akaenda zake Mount Vernon tarehe 10 Septemba, na wapatao 5,000 wakafa kabla ya baridi ya Novemba. Rush alimweka mkewe na watoto mbali, yeye akabaki. Alitembelea na kupokea wagonjwa zaidi ya mia kwa siku. Wanagenzi wake watatu walikufa, dada yake aliyekuwa akimtunza akafa tarehe 1 Oktoba, na yeye mwenyewe akaugua homa hiyo, akajitibu kwa dawa yake ile ile, akainuka, akarudi kwa wagonjwa.

Mtu aliyelipa gharama hiyo, tena akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa alipokuwa amekata tamaa, angewezaje kukubali kwamba damu yote ile ilimwagika bure? Kukubali kungekuwa na maana kwamba alichangia kifo cha dada yake na vijana wake. Hapo ndipo ninapoiona sababu.

#13 Tabibu Mstaafu

Mwinjilisti amesema kitu ambacho nimekiona kwa wenzangu, na sina la kumpinga. Ila nataka kurudi kwenye chanzo cha homa, kwa sababu huko Rush alishika sehemu ya ukweli ambayo wapinzani wake waliikosa, na hilo lilimpa kiburi cha kuamini yuko sahihi katika mengine.

Matabibu wengi wa mji walisema ugonjwa umeletwa na meli kutoka visiwa vya Karibi, pamoja na wakimbizi wa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Rush alisema umezaliwa pale pale bandarini, kwenye shehena ya kahawa iliyoachwa ioze kando ya maji. Wafanyabiashara walimchukia kwa hilo, kwani nani angetia nanga katika mji unaojizalishia homa? Ugomvi ulifika mahali akajiondoa katika chama cha matabibu wa Philadelphia ambacho yeye ni mmoja wa waasisi wake wa 1787. Leo tunajua kila upande ulishika kipande. Virusi vililetwa kwa meli kweli, lakini mbu aliyevisambaza, yule yule anayetuletea homa ya dengue Dar es Salaam, alizaliana katika mapipa ya maji ya nyumba za Philadelphia. Na Rush aliandika kwa mkono wake kwamba msimu ule mbu walikuwa wengi kupita kawaida! Aliwahesabu kama dalili ya hewa chafu, akapita. Carlos Finlay wa Cuba alimtaja mbu mwaka 1881, na tume ya Walter Reed ikathibitisha mwaka 1900.

#14 Kijana wa Maktaba

Shikamoo Tabibu, hapo kwenye mbu umenifunga mdomo kwa muda. Lakini siasa haijaniishia. Homa iliporudi mwaka 1797, mwandishi William Cobbett, Mwingereza na shabiki mkubwa wa Wafederalisti, alimshambulia Rush gazetini wiki baada ya wiki, akiandika kwamba matibabu yake yanachangia kupunguza watu duniani. Rush alimshitaki kwa kashfa, na tarehe 14 Desemba 1799 baraza la mahakama likamwamuru Cobbett alipe dola 5,000. Siku hiyo hiyo, kule Mount Vernon, Washington alifariki baada ya matabibu wake kumtoa damu mara kadhaa kwa ugonjwa wa koo. Mmoja wa matabibu wale, Elisha Dick, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Rush, na ndiye aliyewasihi wenzake wasimtoe damu zaidi. Hawakumsikiliza. Kwa hiyo mwanafunzi aliweza kuacha na mwalimu hakuweza. Jefferson naye akaendelea kumlinda kwa kumpa kazi ya utunza hazina katika kiwanda cha sarafu cha taifa.

#15 Msomaji wa Usiku

Kijana, kazi ya kiwanda cha sarafu alipewa na John Adams mwaka 1797, yaani rais wa Wafederalisti, kwa sababu ya urafiki wao wa tangu Kongresi ya uhuru, na aliishika hadi alipofariki tarehe 19 Aprili 1813. Jefferson alimtuma Meriwether Lewis kwake mwaka 1803 apate mafunzo ya afya kabla ya safari ya kuelekea Pasifiki, na msafara ukaondoka na vidonge 600 vya Rush, vile vile vya kalomeli na jalapa. Ulipofika Montana uliacha mabaki ya zebaki ardhini, na watafiti waliyatumia kutambua mahali walipochimba choo cha kambi.

Nimeisoma #12 zaidi ya mara moja. Bado nasema siasa ilikuwa na mkono wake, lakini sioni namna ya kulipita swali la Mwinjilisti kuhusu dada yake.

#16 Mama Upendo

Jamani, mmemkalia Rush kwa habari ya damu tu hadi mmesahau kazi iliyodumu. Mimi nina ndugu aliyeishi na ugonjwa wa akili kwa muda mrefu, na ninajua familia inavyofichwa na kufichika. Rush alianza kazi Pennsylvania Hospital mwaka 1783, akawakuta wagonjwa wa akili katika vyumba vya chini, vyenye baridi na unyevu, akawapigania hadi wakapata jengo lenye joto, vitanda, kazi za mikono na watu wa kuzungumza nao. Mwaka 1812 akachapisha kitabu cha kwanza cha Marekani kuhusu magonjwa ya akili. Wengine watasema pia alibuni kiti cha kumfunga mgonjwa asitikisike na kwamba hao nao aliwatoa damu, na ni kweli.

Lakini mkumbuke kwamba alipokuwa akiandika kitabu kile mwanawe mkubwa alikuwa ndani ya hospitali ile ile. John alikuwa afisa wa jeshi la majini. Alimuua rafiki yake katika pambano la bastola New Orleans mwaka 1807, akili ikamwondoka, akaletwa nyumbani mwaka 1810. Baba alikuwa akimwona alipopita kukagua wagonjwa. John aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1837.

#17 Wakili wa Zamani

Pole kwa ndugu yako, Mama Upendo. Habari ya John inanikumbusha kwamba katika miaka hiyo hiyo ya huzuni Rush alifanya kazi ya siasa ambayo naiona bora kuliko saini yake ya 1776. Adams na Jefferson walikuwa hawasemezani tangu uchaguzi wa 1800. Mwaka 1809 Rush alimwandikia Adams kwamba ameota ndoto: wawili hao wanaandikiana tena, kisha wanakwenda kaburini karibu kwa wakati mmoja. Akaendelea kumbembeleza huyu na kumbembeleza yule, hadi Adams akatangulia kuandika tarehe 1 Januari 1812. Waliandikiana hadi mwisho wa maisha yao, wakafariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826. Mleta uzi, mtu ambaye siasa imemharibu hangekuwa na subira ya zaidi ya miaka miwili kupatanisha wakuu wa vyama viwili.

#18 Kijana wa Maktaba

Mzee, subira hiyo angeionjesha kidogo Cobbett. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa aliyekufa ni mgonjwa na asiyesikia ni tabibu.

#19 Mwanakombo

Naomba kuuliza Nesi wa Ughaibuni. Umesema watu wa Jones na Allen waliuguza na kuzika. Je, nao walikuwa wakitoa damu, au kisu kilikuwa cha matabibu tu?

#20 Nesi wa Ughaibuni

Walitoa, dada yangu. Matabibu walipopungua, Rush aliwafundisha jinsi ya kufungua mshipa na kutoa dawa zake, na katika utetezi wao wa 1794 Jones na Allen wanasema waliwatoa damu watu zaidi ya 800, mara nyingi bila malipo, wakiandika maelezo ya kila mgonjwa wampelekee Rush. Wanalitaja jambo hilo kwa fahari ya kazi, kama uthibitisho kwamba hawakuwa wezi bali wauguzi waliowarudishia mamia ya watu afya. Waliamini dawa ile kama yeye alivyoiamini, na hawakuwa na shahada ya Edinburgh wala chama cha kukitetea. Kwa hiyo Kijana na Msomaji, kama sababu ni siasa, elezeni imani ya hawa wawili ilitoka wapi. Na Tabibu nawe, kama sababu ni Cullen, wao hawakumsikia Cullen.

#21 Tabibu Mstaafu

Swali lako zito, binti yangu. Kwa hao wawili nadhani jibu lipo katika sehemu ile ya pili ya #3, yaani wagonjwa walioinuka mbele ya macho yao. Waliwaendea wengi siku ya kwanza ya homa, na wengi wakapona. Nitautafuta utetezi wao niusome mwenyewe kabla sijasema zaidi.

#22 Kisima cha Hoja

Na ukishausoma, Tabibu, angalia wanavyowataja watu weusi waliokufa baada ya kuambiwa kwamba homa haiwashiki. Habari ya Derham nayo ifunguliwe uzi wake, niko tayari kuuanzisha wiki hii.